Heshima Si Sadaka

Msomaji, bila shaka umepata kulisikia neno lisemwalo na wazee wengi, na hata na vijana wengine waliojizeesha kabla ya wakati wao, kwamba heshima haidaiwi. Husemwa kuwa heshima hupewa mtu kama apewavyo zawadi, na yule aidaiye, kwa kule kudai tu, huonyesha kuwa hakuistahili. Neno hilo lina sura ya hekima. Hutamkwa taratibu, aghalabu na mtu aliyeketi kitini, naye aambiwaye amesimama. Mimi silikubali. Nataka kulipinga hapa kwa shahidi ambaye pengine hukumtazamia, nao ni wimbo mmoja wa Marekani usiotimia dakika tatu, ulionaswa katika santuri mjini New York tarehe 14 Februari 1967.

Wimbo wenyewe waitwa "Respect", yaani heshima. Aliyeuimba siku hiyo ni Aretha Franklin, ambaye alikuwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 25. Watu wengi hudhani kuwa wimbo ulikuwa wake tangu mwanzo. Haukuwa wake. Mtunzi alikuwa mwanamume, Otis Redding wa jimbo la Georgia, naye alikwisha kuutunga, kuuimba na kuutoa mwaka 1965. Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu, maana lau Aretha angaliutunga mwenyewe, ningalikuwa na machache ya kusema.

Mtazame kwanza Redding. Msemaji katika wimbo wake ni mwanamume arudiye nyumbani. Amwambia mwanamke wake kwamba fedha zote anamletea yeye, na kwamba atendayo mwanamke huyo wakati yeye hayupo hatayachunguza sana, ila akiingia mlangoni apewe heshima yake. Ni wimbo mzuri. Matarumbeta yaenda mbio kama watu wanaolikimbilia gari moshi, na sauti ya mwimbaji ina ukwaruzo wa mtu aliyechoka kwa kazi. Wala si wimbo wa jeuri. Mtu huyu huomba zaidi kuliko anavyoamuru. Lakini chunguza dai lake limesimama juu ya nini. Limesimama juu ya mfuko. Yeye ndiye aletaye fedha, kwa hiyo yeye ndiye astahiliye kupokewa kwa adabu. Hesabu hiyo ni ya kale, na sidhani kuna nyumba hapa Kenya isiyoijua.

Sasa msikilize Aretha. Maneno aliyoyageuza si mengi, lakini kila alipogusa pamepinduka. Msemaji sasa ni mwanamke. Yeye ndiye mwenye kile mwanamume akitakacho, na fedha azitajazo ni zake mwenyewe. Ile ruhusa ya kukosa wakati mwenziwe hayupo, ambayo Redding aliitoa kwa ukarimu, yeye aitupa mbali. Asema hatamkosea mwenziwe, nyuma yake wala mbele yake. Umeona alivyofanya? Amekwisha kulipa deni lote la upande wake kabla ya kunyoosha mkono. Hakuna awezaye kumjibu kuwa hana kitu, wala kuwa hana mwenendo. Kisha katikati ya wimbo aongeza kipande ambacho Redding hakuwa nacho kabisa: alitamka neno la heshima herufi baada ya herufi, kama mwalimu wa darasa la kwanza anayemsomea mtoto mzito wa kuelewa. Dada zake wawili, Carolyn na Erma, wako nyuma yake, wala hawaitikii kwa upole wa kwaya. Wamsukuma mbele kwa maneno mafupi ya haraka, kama wanawake wa mtaa waliotoka kumsindikiza mwenzao kwenda kudai haki yake. Piano apiga mwenyewe. Wengi wa waliompigia ngoma na magitaa walikuwa vijana wa kizungu wa Kusini mwa Marekani, jambo ambalo, ukiikumbuka Marekani ya miaka hiyo, lastahili kufikiriwa kidogo.

Matokeo yajulikana. Santuri ya Redding ilikuwa imefika nafasi ya 35 katika orodha kuu ya nyimbo za Marekani. Ya Aretha ilishika nafasi ya kwanza mwezi wa Juni 1967, ikakaa hapo wiki mbili. Redding mwenyewe alikiri kwa mzaha mbele ya watu, mwezi ule ule, kwamba wimbo wake umechukuliwa na msichana. Hakuishi kuona mwisho wa habari hiyo, kwani tarehe 10 Desemba 1967 ndege yake ilianguka katika ziwa moja la jimbo la Wisconsin, akafa akiwa na umri wa miaka 26.

Najua atainuka mtu hapa na kusema: huyo Aretha alifanya nini cha ajabu? Alirudia wimbo wa mwenziwe. Kasuku naye hurudia. Hoja hii naisikia mara nyingi shuleni, na husemwa kwa majivuno na watu ambao wao wenyewe hawajapata kutunga hata ubeti mmoja. Niwaulize basi. Je, hamjapata kwenda kwenye tamasha la muziki la shule? Kwaya ishirini hupewa wimbo mmoja ule ule, noti zile zile, maneno yale yale. Mbona basi ya tano huwasinzisha waamuzi na ya sita huwafanya waweke kalamu chini? Ikiwa kuimba cha mwingine ni ukasuku, tamasha lote hilo ni tundu la kasuku, na heri tulifunge.

Tena sisi watu wa lugha hii ndio wa mwisho tunaopaswa kusema hivyo. Washairi wa Mombasa na wa Lamu katika karne ya 19 walikuwa wakijibizana. Mmoja hutupa shairi, mwingine hulidaka, akashika bahari ile ile na pengine vina vile vile, akayageuza maneno ya mwenziwe yakamrudie mwenyewe. Hakuna aliyeita jambo hilo wizi. Liliitwa jibu, na kadiri jibu lilivyokaa karibu na shairi la kwanza ndivyo lilivyouma. Aretha alimjibu Redding kwa bahari yake mwenyewe. Wala katika sheria hakuiba, kwani tangu mwaka 1909 sheria ya Marekani iliruhusu mtu yeyote kuuimba upya wimbo uliokwisha kutolewa katika santuri, mradi mtunzi alipwe senti mbili kwa kila nakala. Kwa hiyo kila santuri ya Aretha iliyofanywa ilikuwa na haki ya mtunzi ndani yake.

Hata hivyo sitaki ushindi wa bei rahisi. Si kila arudiaye wimbo hujibu; wako warudiao ili kumfunika mwenye nao. Mwaka 1955 kijana mweusi aitwaye Little Richard alitoa wimbo wake "Tutti Frutti", wimbo wa roki wenye moto. Kufumba na kufumbua mwimbaji wa kizungu, Pat Boone, aliutoa tena mwaka 1956, ukiwa umefuliwa na kupigwa pasi, nao ukapanda juu kuliko ule wa mwenyewe, kwa sababu vituo vingi vya redio vilipendelea kupiga sauti nyeupe. Na huku kwetu "Malaika" umeimbwa na dunia nzima, hali ugomvi juu ya nani aliyeutunga haukuisha. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: je, aliyeuchukua wimbo aliufanya useme jambo ambalo mwenyewe hakuweza kulisema? Boone hakuusemesha lolote. Aretha aliusemesha nusu ya wanadamu.

Hebu sasa tumwangalie mwanamke huyu ni nani, maana wapo wadhanio kuwa adaiye heshima kwa sauti kubwa ni mtu aliyedekezwa. Alizaliwa Memphis mwaka 1942 na kulelewa Detroit, ambako baba yake, C. L. Franklin, alikuwa mchungaji wa kanisa na mhubiri mashuhuri. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajafikisha miaka 10. Kabla ya kutimiza miaka 15 alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili. Soma tena sentensi hiyo, msomaji, kisha kumbuka maneno yasemwayo juu ya wasichana wa namna hiyo katika vijiji na mitaa yetu. Mwaka 1960 alitia sahihi mkataba na kampuni kubwa ya santuri, akakaa humo miaka kama sita, akiimbishwa nyimbo laini zisizomkaa, kama mtu aliyevikwa kanzu ya mwingine. Alipohama ndipo aliporuhusiwa kuketi kwenye piano na kuzipanga nyimbo kama alivyozisikia moyoni. "Respect" alikuwa amekwisha kuupanga upya kabla ya kuingia studio. Na mwaka 1987 wakuu wa muziki wa roki huko Marekani walipomwandika katika safu ya watukufu wao, ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuandikwa humo.

Lakini wimbo haukubaki kuwa ugomvi wa mke na mume. Watu weusi wa Marekani waliusikia wakauelewa kwa namna yao, na kuona kwa nini, yafaa kukumbuka kisa kimoja cha mahakamani. Mwaka 1963, katika mji wa Gadsden, jimbo la Alabama, mwanamke mweusi aitwaye Mary Hamilton, aliyekuwa akipigania haki za watu wake, alisimama mahakamani kutoa ushahidi. Mwendesha mashtaka alimwita "Mary" tu. Mashahidi wa kizungu waliitwa kwa majina ya ukoo pamoja na neno la adabu. Weusi waliitwa kama waitwavyo watoto au watumishi. Mary Hamilton alisema hatajibu swali mpaka aitwe Bibi Hamilton. Hakimu alimwamuru ajibu. Hakujibu. Alifungwa siku tano na kutozwa faini ya dola 50 kwa kuidharau mahakama. Naam, kwa kuidharau yeye! Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, nayo mwaka 1964 ikaitengua hukumu hiyo.

Waliofundishwa kuwa heshima haidaiwi, na wanijibu. Bibi huyu angalingoja kupewa, angalingoja mpaka lini? Alabama ilikuwa imekaa na watu weusi zaidi ya miaka 100 bila kukumbuka kuwapa. Na sisi je? Babu zetu, watu wenye wake, watoto na mifugo, waliitwa "boi" na vijana wa kizungu waliotoka Uingereza juzi. Wengine walikuwa na mvi. Je, neno hilo lilikoma kwa sababu waliokuwa wakilitamka waliamka asubuhi moja wamejaa ukarimu? La, hasha! Lilikoma kwa sababu watu walikataa kuitika.

Kwa hiyo Aretha alipotamka neno lile herufi kwa herufi, kila mtu alilijaza na deni lake. Mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1999, aliueleza wimbo huo kuwa haja ya taifa zima, haja ya mwanamume na mwanamke wa kawaida barabarani, ya mama, ya mwalimu. Sidai kuwa wimbo ulileta amani. Mwezi wa Julai 1967, wiki chache tu baada ya kushika nafasi ya kwanza, mji wake wa Detroit uliwaka moto kwa ghasia, watu 43 wakapoteza maisha. Wimbo hauzimi moto wala haujengi nyumba. Kazi yake ni ndogo zaidi, nayo haifanywi na kitu kingine: humpa mtu neno mdomoni siku ile anapolihitaji, hata asianze kubabaika.

Narudi kwa wale wa kitini. Wana methali wanayoipenda, kwamba heshima si utumwa. Humwambia mtoto anapokataa kuwaamkia wakubwa, na katika hilo wana haki. Lakini methali hukata pande zote mbili. Ikiwa kumheshimu mwingine hakumfanyi mtu kuwa mtumwa, mbona basi mwanamume mzima huogopa kumheshimu mkewe mbele ya rafiki zake? Mbona karani ofisini aona atapungukiwa na kitu akimjibu kwa adabu mwanamke mzee aliyesimama dirishani tangu asubuhi? Ikiwa si utumwa kwa mdogo, si utumwa kwa mkubwa. Kuitumia methali kwa mtoto tu na kuificha mtu mzima apitapo ni ujanja wa mizani, kama ule wa mwuza duka mwenye jiwe moja la kununulia na jingine la kuuzia.

Nawe, mwanafunzi, usidhani kuwa nayasema ya Marekani tu. Katika darasa lako yumkini yuko msichana ambaye kila anyooshapo mkono kuna wavulana wawili au watatu wagunao kabla hajafungua kinywa. Yuko pengine aliyezaa akarudi. Tangu mwaka 1994 serikali ya Kenya ina mwongozo unaomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Lakini mwongozo humfungulia lango tu, haumzuii mtu kumnong'ona akiwa ndani. Ukimwambia msichana huyo kuwa heshima haidaiwi, angoje apewe, umemwambia arudi nyumbani. Na wewe mvulana usemaye kuwa mambo haya hayakuhusu, kumbuka wimbo huu ulianza katika kinywa cha mwanamume. Redding naye alikuwa na njaa ya heshima arudipo jioni amechoka. Aretha hakusema njaa hiyo ni ya uwongo. Alisema tu kuwa naye anayo, na kwamba chungu ni kimoja.

Atasema mwingine kwamba kudai huku kutaharibu adabu, kila mtoto atasimama na kumtamkia mwalimu herufi zake. Hofu hii naielewa, wala siicheki. Lakini tazama tena namna Aretha alivyodai. Kwanza alitimiza wajibu wake, ndipo aliposema. Hakutukana. Hakumwambia mwanamume aondoke. Alimwambia akiingia aingie vipi. Yule adaiye heshima hali yeye mwenyewe haitoi, huyo ni mdai wa deni asilokopesha, na sina neno la kumtetea.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo liniudhilo kuliko yote. Katika sheria ya Marekani, redio ipigapo wimbo humlipa mtunzi. Mwimbaji, asipokuwa ndiye mtunzi, halipwi kitu. Fikiri ni mara ngapi "Respect" ilipigwa katika redio za nchi ile tangu 1967. Kila mara, malipo yalikwenda upande wa Redding na warithi wake. Sauti iliyoufanya wimbo uwe wimbo, iliyoubuni ule mtamko wa herufi ambao kila mtu huujua hata asiyejua Kiingereza, haikupokea hata senti moja kwa kupigwa redioni. Ilikuwa hivyo mpaka alipofariki tarehe 16 Agosti 2018. Simwonei kijicho mjane wa Redding. Mtunzi ana haki yake, nami nimekwisha kuitetea hapo juu. Lakini taifa lililousifu wimbo wa heshima, likauhifadhi mwaka 2002 katika maktaba yake kuu miongoni mwa sauti za kutunzwa milele, halikuona haya kumwacha mwimbaji nje ya mlango wa fedha.

Aretha alilijua jambo hilo, akafanya awezavyo. Alikuwa na desturi ya kutaka alipwe ujira wake kwa fedha taslimu kabla hajaimba, na mkoba aliutia fedha hizo hakuuacha chumbani. Alipanda nao jukwaani, akauweka mahali ambapo macho yake yangeufikia. Wako waliomcheka kwa hilo, wakasema ni ushamba wa tajiri. Mwezi wa Desemba 2015 alialikwa kuimba mjini Washington, katika sherehe ya kuwatukuza wasanii, mbele ya Rais Barack Obama, mtoto wa baba aliyetoka Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 73. Aliingia akiwa amevaa koti refu la manyoya, mkoba mdogo mkononi, akaenda moja kwa moja hadi kwenye piano. Akauweka mkoba juu ya piano, akaketi, akaanza kupiga.